Joto Ndani ya Kabati la Turbini

Jamani, mkasa huu nimeukwepa miaka yote, na kama si Ouko kuuanzisha kwenye harusi ya watu na kuutia chumvi mpaka ukawa mkasa wa mtu mwingine kabisa, ningezikwa nao. Sasa kwa kuwa mmeshausikia vibaya, bora niuseme mwenyewe vizuri. Ndiyo, ni kweli nilijificha ndani ya kabati la umeme mchana kweupe, mtu mzima, fundi mwenye cheti. Ndiyo, nilitoka humo nikiwa na bukta. Lakini si kweli kwamba nililia (machozi yalitoka, hilo sikatai, ila yalikuwa machozi ya baridi, mtaelewa huko mbele).

Ilikuwa ile miaka ya dhahabu, ambapo huku kwetu kila kijana alikuwa ama yuko shimoni, ama anasaga mawe, ama anawauzia chapati wanaosaga mawe, na mimi nilijiona nimewapita wote kwa sababu nilikuwa na ovaroli ya bluu yenye jina langu kifuani, MWITA, limeshonwa kwa uzi mwekundu. Kwetu ni Mugumu, upande wa bwawa la Manchira, lakini kazi nilipata huku karibu na Genkuru, kwenye mgodi mkubwa (jina silitaji, watoto bado wanasoma), kitengo cha umeme. Mgodi ulikuwa na turbini mbili zinazokunywa dizeli, za kutoa umeme pale umeme wa gridi unapokatika, na umeme wa gridi siku zile ulikuwa unakatika hata kwa wingu lisilo na mvua.

Hapa lazima niwaeleze kidogo, msininunie. Turbini ni mashine ya moto mkali, na ndani yake zimepitishwa waya za kupimia joto, na waya hizo zinaleta habari kwenye kadi zilizopangwa ndani ya kabati la chuma, na kadi ndizo zinazoiambia mashine uko salama au unaungua. Sasa kadi zetu zilikuwa za zamani sana, hata kiwanda kilichozitengeneza kilishaacha kuzitengeneza, ukitafuta kipuri unaletewa kilichong'olewa kwenye mashine iliyokufa mahali pengine. Na kama wazee wengine, zilipozeeka zikaanza kusema uongo. Mashine imetulia, haina hata dalili ya homa, kadi inasema inaungua, na turbini ikishaambiwa inaungua haina mjadala, inajizima. Ikijizima, mgodi unasimama, na pampu ya maji ambayo mgodi uliwafungia watu wa kijijini nayo inasimama, na kina mama wanabeba ndoo kurudi mtoni huku wakitutaja mafundi kwa majina ya ukoo.

Basi mgodi ukaagiza kadi mpya, na kazi ya kutoa za zamani na kufunga mpya tukapewa watu watatu. Bosi alikuwa Injinia Zuhura, mama wa Tanga, mpole wa maneno na mkali wa kazi, ambaye hata akikugombeza unatamani umjibu asante. Halafu Ouko, Mjaluo wa Shirati, fundi mwenzangu, mikono ya dhahabu na mdomo usio na breki. Na mimi.

Upande mwingine wa maisha yangu kulikuwa na Ghati, mwalimu wa shule ya msingi pale kijijini. Nilimpenda Ghati mpaka nikaacha kula ugali wa usiku. Baba zangu wadogo walikuwa wameshaenda kwao mara moja, wakapokelewa, wakanywa soda, na kikao cha kukubaliana ng'ombe kilikuwa kimepangwa Jumamosi. Tatizo lilikuwa mama yake. Mama Ghati ndiye alikuwa mwenyekiti wa kamati ya maji ya kijiji, na kila turbini ilipojizima yeye ndiye aliyeamshwa na wenzake, na alikuwa ameshasema wazi, mbele ya majirani, kwamba haoni sababu ya kumtoa binti yake kwa watu wanaowanyima maji. Yaani kila kadi ilipodanganya, posa yangu ilirudi nyuma hatua moja. Ghati mwenyewe aliniambia: "Mwita, mama anatafuta sababu moja tu ya kufunga mlango. Mpaka Jumamosi ipite, tafadhali usimpe."

Sasa kwa nyinyi wageni wa pwani mliokaa hapo, ambao mnakaa na mama wakwe zenu mnakula nao futari: kwetu Wakurya haiko hivyo. Mtu na mama mkwe wake hawatazamani usoni. Hawakai chumba kimoja. Ukimwona njiani unaacha njia, unaingia hata kwenye miiba, naye anajifunika kitenge, anapita. Tunaita insoni, ni haya, lakini ni haya yenye sheria zake. Na mwili wako mama mkwe hatakiwi kuuona, hata mgongo. Ukivunja kuna faini na kuna maneno, na faini unaweza kuilipa.

Lakini mimi, kwa ujinga wangu wa ovaroli, wiki chache kabla ya hapo tulipokuwa tunakunywa chai, Injinia Zuhura aliniuliza habari za mila hizi, kasikia watu wanasema, nami nikacheka kicheko cha mtu aliyesoma, nikamwambia, "Ah, Injinia, hayo ni ya wazee. Sisi vijana wa siku hizi hatuna hayo." Ouko alinitazama tu, akameza andazi. Sijui nilikuwa nataka anione nani.

Siku ya tukio ilikuwa Alhamisi. Turbini namba moja ilikuwa inafanya kazi, inapiga kelele huko nje, na namba mbili tulikuwa tumeizima ili tubadilishe kadi zake. Tulikuwa tumeshamaliza kufunga, imebaki kujaribu. Na majaribio ya kadi za joto yana ufundi wake, sikilizeni, maana ndipo nilipoangukia. Kabla hujaunganisha zile waya ndefu zinazotoka kwenye turbini, unaziba mdomo wa kila laini kwa kipande kifupi cha waya, na kadi ikishakosa habari za mbali inasoma joto la pale pale ilipo, ndani ya kabati. Skrini ikionyesha joto la chumba kwenye laini zote, bila moja kuwa juu wala moja kuwa chini, unajua kadi ni nzima. Niliziba laini zote, nikawasha, nikaenda kwenye skrini: ishirini na nne, ishirini na nne, ishirini na nne, mpaka chini. Nilipiga makofi peke yangu. Kwa mara ya kwanza tangu niajiriwe, kabati lile lilikuwa linasema kweli.

Injinia Zuhura akaja, akatazama, akatabasamu. "Hongera, baba. Umefanya kazi nzuri. Na imekuja kwa wakati wake, maana kuna wageni. Kamati ya maji ya kijiji wanakuja sasa hivi kuona hizi kadi mpya, wamechoka na ahadi. Utawaeleza wewe Mwita, wewe mtu wa huku, wanakuelewa."

"Kamati ya maji? Nani na nani, Injinia?"

"Mwenyekiti wao, yule mama mkali, na wazee wawili watatu. Ndio hao wanashuka kwenye gari. Ngoja nikawapokee."

Akatoka. Hapo ndipo penyewe. Sentensi moja tu ingeniokoa: Injinia, yule mama ni mkwe wangu, naomba nitoke. Angenielewa, mtu wa Tanga anajua heshima kuliko sisi. Lakini ningemwambiaje, na mimi ndiye niliyezicheka mila mbele ya chai? Nikaona aibu ya kusema. Nikaamua nitoroke.

Chumba kile kina mlango mmoja. Nikachungulia kwenye korido, nikasikia sauti za viatu, na katikati ya viatu sauti ya mama Ghati, ambayo hata kwa mbali inasikika kana kwamba ameshika kipaza sauti. Nikarudi ndani mbio. Chini ya meza? Meza yenyewe ya miguu minne, haina hata kitambaa. Dirisha hakuna.

"Omera, ndugu yangu," Ouko akaniambia kwa sauti ya chini, macho yamemtoka, "huyo si mkwe wako?" (Wajaluo nao wana mambo hayo hayo, tena wao wanazidisha, kwa hiyo hakuhitaji maelezo.) "Utafanyaje?"

Wote wawili tukatazama kabati. Lilikuwa kabati la zamani, refu kuliko mimi, na kwa kuwa tulikuwa tumeng'oa kadi kubwa za kizamani na kuweka mpya ambazo ni ndogo, upande mmoja ulikuwa mtupu, mtu anasimama.

"Ingia," Ouko akasema. "Watachungulia skrini, hawataelewa, watachoka, wataondoka. Mambo ya dakika chache." Nikaingia, nikazima redio yangu ya kiunoni, akasukuma mlango, ukajifunga, ka. Ndipo nilipokumbuka kwamba mlango ule hauna kitasa kwa ndani, na ndipo nilipokumbuka pia kwamba feni ya kabati tulikuwa hatujaiunganisha.

Humo ndani giza, isipokuwa taa ndogo za kijani za kadi zangu, ziko karibu na kidevu. Mlango ulikuwa na vipenyo vyembamba vya hewa kwa juu, nikiinua shingo naona vipande vipande vya chumba. Niliona wageni wanaingia. Nikaona pembe ya kitenge, nikafumba macho haraka, maana hata kumtazama kupitia vipenyo ni kumtazama.

"Shikamooni wazee, karibuni sana," Injinia alisema, akageuka. "Mwita yuko wapi?"

"Ameenda stoo kuchukua waya," Ouko akajibu.

"Mbona sijapishana naye?"

"Amepitia ule mlango mwingine."

Chumba kile, kama nilivyowaambia, kina mlango mmoja. Injinia Zuhura alimtazama Ouko, halafu kwa kuwa ni mtu mwenye adabu mbele ya wageni akaamua kueleza mwenyewe. Na alieleza vizuri, nawaambia ukweli, hata mimi kabatini niliburudika. Akawaambia kadi za zamani zilikuwa zinadanganya, hizi mpya hazidanganyi, na ushahidi ni huu hapa: "Mashine hii imezimwa, haina moto, kwa hiyo kadi zinasoma joto la humo kabatini tu. Mnaona? Ishirini na nne kote. Halipandi wala halishuki."

"Mbona hapo pameandikwa ishirini na sita?" sauti ya mama Ghati.

"Ishirini na... eh. Ni kidogo tu, mama. Inajitengeneza."

Mimi niliyezifunga kadi zile kwa mikono yangu nilielewa kabla ya mtu yeyote. Joto lile lilikuwa mimi. Kabati limefungwa, feni haizunguki, baridi ya kiyoyozi haifiki, na ndani kuna mtu wa kilo themanini mwenye hofu, amesimama pua na pua na kadi nzuri kuliko zote zilizowahi kuletwa mkoa wa Mara. Nikajaribu kupumua kidogo kidogo. Wapi! Ukijaribu kupumua kidogo ndipo unapopumua kama ng'ombe aliyefukuzwa.

"Ishirini na nane," mama Ghati akasoma, taratibu, kama mwalimu anayemsomea mtoto makosa yake.

"Ni kiyoyozi hicho," Ouko akadakia. "Kimezidiwa, watu ni wengi humu."

"Kiyoyozi? Mimi hapa nimejifunika vitenge viwili na bado nasikia baridi."

Jasho lilikuwa linanitiririka mpaka kwenye buti. Na hapo nikafanya uamuzi wa pili, mbaya kuliko wa kwanza. Nikajisemea, tatizo ni joto, basi nipunguze nguo. Nikafungua zipu ya ovaroli polepole, nikatoa mkono mmoja, nikatoa wa pili, nikafunga mikono ya ovaroli kiunoni, kifua wazi. Fundi mzima, mwenye cheti, nikasahau kwamba ile ovaroli nene ndiyo ilikuwa inalizuia joto langu lisitoke! Nilikuwa kama mtu aliyefunua sufuria. Skrini ikaruka.

"Thelathini na moja," akasema mama Ghati. "Mzee Nyamhanga, unaona mambo haya?"

Mzee Nyamhanga alikuwa mmoja wa wale wazee wa kamati, mtu wa fimbo na kofia ya pama. "Naona," akasema, akarudi hatua moja nyuma. "Sasa hiyo ikifika ngapi inalipuka?" Nao wenzake wakarudi nyuma, maana watu wa huku wamezoea baruti za mgodi, neno kulipuka hawalichezei.

"Hailipuki, wazee wangu," Injinia akasema, lakini sauti yake haikuwa na uhakika.

"Injinia," mama Ghati akasema, na hapo akaiweka sauti yake chini, jambo ambalo Ghati alishaniambia ni la hatari. "Mlituambia kadi za zamani ni za uongo, mashine haiungui. Tukakubali, tukaenda mtoni. Sasa mmeleta mpya. Mashine mmesema imezimwa, joto linapanda. Kwa hiyo hizi nazo ni za uongo, au kuna kitu kinaungua humo ndani? Chagua moja, nikawaambie wenzangu."

Injinia Zuhura akasogea karibu na kabati, akanusa. "Kuna harufu," akasema. "Kama kuna kitu kimechemka."

"Ni plastiki mpya," Ouko akasema.

"Si plastiki hii." Akanyoosha mkono ukutani, akatungua mtungi wa kuzimia moto, akavuta pini. Kwa sheria za kazi alikuwa sahihi kabisa: kabati lisilo na kazi likipanda joto lenyewe, kuna waya unaungua. "Wageni rudini mlangoni. Ouko, fungua kabati."

"Injinia, tusifungue."

"Fungua!"

"Injinia, kwa nini tusilisubiri lipoe lenyewe?"

"Ouko!"

"Injinia, humo kuna..." akasema, akashindwa kumalizia, na mpaka leo namlaumu, kwa sababu mtu anayezungumza masaa yote ya Mungu siku hiyo ndipo alipokosa neno. Injinia akakizungusha kitasa kwa mkono wa kushoto, akauelekeza mdomo wa mtungi ndani, akabana.

Mitungi ya vyumba vya umeme haina unga wala maji, ina gesi ya baridi. Inatoka na moshi mweupe na mlio, na baridi yake jamani, baridi yake siwezi kuieleza, mimi sijawahi kufika huko kwenye barafu, lakini kifua changu kilifika, na machozi yakanitoka. Nilipiga kelele ambayo Ouko huwa anaiigiza kwenye harusi, na kwa bahati mbaya anaiigiza vizuri. Nikaruka nje, katikati ya chumba, katikati ya moshi, mbele ya kamati nzima ya maji.

Na hapo, wenzangu, nilikuwa na mikono miwili na mambo mawili ya kuokoa. Mila inasema usitazamane na mama mkwe. Kwa hiyo nikavua kofia ngumu kichwani, nikaishika kwa mikono yote miwili, nikafunika uso. Nilifanya haraka, nilifanya kama mtoto aliyelelewa vizuri. Lakini mila haikusema lolote kuhusu ovaroli iliyofungwa kiunoni kwa fundo la haraka haraka. Fundo likaachia. Ovaroli ikashuka mpaka kwenye buti, nikabaki na bukta ya kuchezea mpira, ya njano.

Nilisikia turbini namba moja inanguruma huko nje. Nilisikia mtungi unamalizia pumzi yake. Nikasikia kitenge kinavutwa, mama Ghati amegeuka akatazama ukuta na kujifunika kichwa, nami nikageuka nikatazama ukuta wa pili, tukasimama hivyo tumepeana migongo, heshima yote imekamilika, imechelewa tu kidogo.

"Mwita?" Injinia Zuhura akasema. "Unafanya nini humo?"

"Nakagua, Injinia," nikajibu kutoka ndani ya kofia.

"Bila nguo?"

Mama Ghati ndiye aliyedakia, lakini hakunisemesha mimi, mkwe hasemeshwi hivyo. Alimsemesha Mzee Nyamhanga, huku ameutazama ukuta. "Mzee, mwambie huyo mtu avae."

Mzee Nyamhanga akanigeukia, mimi niliyekuwa hatua mbili tu kutoka hapo. "Mura, kijana, umeambiwa uvae."

Nikavaa. Zipu ilinasa.

"Muulize, alikuwa anamkimbia nani?"

"Mura, ulikuwa unamkimbia nani?"

"Mwambie simkimbii mtu," nikasema. "Mwambie nilikuwa natunza heshima."

"Anasema alikuwa anatunza heshima."

Kitenge kikatulia kidogo. "Mwambie tumeiona."

"Mura," akasema Mzee Nyamhanga, na hapo fimbo ilishaanza kumtikisika kwa kicheko alichokuwa anakizuia, "wameiona." Na kamati ikatoka, na kicheko kikamshinda mzee kwenye korido, nikakisikia mpaka kwenye gari.

Injinia Zuhura alikaa kwenye kiti. Ouko akamweleza yote, mimi nikiwa nimesimama hapo. Nilisubiri afoke, nilitamani hata afoke. Akasema tu, taratibu, "Kumbe vijana wa siku hizi mnayo." Halafu akageukia skrini. Laini zote zilikuwa zimeshuka kwa pamoja mpaka chini ya kumi kwa ile baridi, na sasa zilikuwa zinapanda tena kwa pamoja, hakuna iliyobaki nyuma. "Kadi zimefaulu," akasema. "Jaribio hili hata kiwandani hawalifanyi. Haya, kausha jasho, uunganishe waya."

Kazi ilipona. Lakini sikulala vizuri siku hiyo wala Ijumaa, maana habari ilifika Genkuru kabla ya gari la kamati kuzima injini. Nilienda dukani kununua sabuni, mwenye duka akaniuliza kama nataka na kabati. Ghati alinitumia ujumbe mmoja: "Mama hajasema kitu tangu jana. Hajawahi kunyamaza hivi. Mwita, nilikuomba kitu kimoja tu." Nilisoma ule ujumbe mpaka nikawa nauona hata nikifumba macho. Nilijua nimempoteza. Si kwa sababu ya ng'ombe, wala umaskini, wala mwanaume mwingine mwenye dhahabu. Nimempoteza kwa kuogopa kusema sentensi moja, na iliniuma, nawaambia, iliniuma kifuani hasa.

Jumamosi baba zangu wadogo walienda. Mimi sikuruhusiwa kufika, nilikaa kwa jirani kijiji cha pili, nikikata kucha ambazo hazikuwepo. Yaliyotokea nilisimuliwa na baba mdogo Marwa. Wanaume walikuwa nje, mama Ghati ndani na wanawake wenzake, anaongea kupitia ukuta. Mazungumzo yalienda vizuri mpaka mwisho, watu wameshaanza kunyoosha miguu, ndipo sauti ikatoka ndani: "Bado ng'ombe mmoja."

"Wa nini, mama?" baba mdogo akauliza. "Wa babu ametajwa, wa mjomba ametajwa."

"Huyu ni wa macho yangu."

Baba mdogo Marwa anajua sheria, amepeleka posa nyingi. Akasema, "Mama, kwa heshima zote, ng'ombe wa macho hayupo kwenye mila."

"Na mkwe kutoka kabatini na bukta," sauti ikajibu, "huyo yupo kwenye mila?"

Baba mdogo anasema wazee walitazama chini, kila mmoja anakagua viatu vyake. Ng'ombe akakubaliwa. Na ndipo mama Ghati akasema maneno ambayo baba mdogo alinirudishia neno kwa neno, tena mara mbili, kwa sababu mara ya kwanza sikuamini. Alisema: "Kijana mwenyewe mchukueni, nimemkubali. Vijana wa siku hizi wakishika dhahabu kidogo wanatupita barabarani na pikipiki, wanatupigia honi tuwapishe, wakwe zao. Huyu alikubali kuiva ndani ya chuma asinitazame. Ni mjinga, lakini insoni anayo. Ujinga Ghati atautoa." Wanawake ndani wakapiga vigelegele.

Nilioa. Maji hayajakatika tena kwa joto la uongo, hilo mniandikie. Na nimeapa: siku nyingine nikisikia mkwe yumo kwenye msafara wa wageni, hata kama wamekuja na waziri, nitasimama mbele yao wote niseme huyo ni mama mkwe wangu, naombeni nitoke. Aibu ya kusema ni ya pumzi moja tu, inapita. Ile ya kunyamaza nililipa kwa yule ng'ombe wa macho: mama mkwe alimchagua mwenyewe zizini kwetu, jike jeusi lenye doa jeupe, akamwita Kabati, na tangu hapo aibu yangu ina pembe, inakula majani Genkuru, na kila mwaka inazaa.